Juni ya pamba, Juni ya nyumbu: familia ya Bariadi na safari ya Serengeti kwa fedha kidogo

Katika jiji la Tampa, jimbo la Florida nchini Marekani, ipo bustani ya burudani iitwayo Busch Gardens, na ndani yake limetengwa eneo la ekari 65 ambalo wenyewe wameliita Serengeti. Wamewekwa humo twiga na pundamilia, na wageni huwatazama wakiwa wameketi ndani ya treni ndogo. Katika jimbo hilohilo, karibu na Orlando, kampuni ya Disney ilifungua mwaka 1998 bustani nyingine iliyoitwa Animal Kingdom, yenye kijiji cha kubuni kilichopewa jina la Harambe, na malori yanayowapitisha wageni katika nyika iliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Miaka mitatu baadaye ikafunguliwa hoteli ya mapumziko jirani na bustani hiyo. Mgahawa wake mmoja unaitwa Boma, mwingine Jiko, na jengo lake kuu ni Jambo House. Familia za huko hujinyima, zikaweka akiba kwa muda mrefu, ili siku moja watoto wao walale humo na kuamka wakimtazama twiga dirishani.

Serengeti yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, sawa na ekari zaidi ya milioni tatu na nusu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka mjini Bariadi hadi Lamadi ni takriban kilomita 72 za lami, na kutoka Lamadi hadi Lango la Ndabaka, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni mwendo mfupi tu. Hata hivyo, katika madarasa ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wapo watoto wengi waliomwona simba kwenye kalenda na kwenye simu ya mjomba, basi. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Ukimuuliza baba sababu, atakujibu kwamba hifadhi ni ya wazungu na gharama zake ni za wazungu. Jibu hilo lina ukweli nusu. Hoteli za ndani ya hifadhi, ambazo usiku mmoja hulipiwa kwa mamia ya dola, kwa kweli hazikujengwa kwa ajili ya mkulima wa pamba. Lakini ada ya kuingia haiko hivyo kabisa. Kwa viwango vya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) vilivyotozwa miaka ya karibuni, raia wa Afrika Mashariki mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea hulipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani, inakuwa shilingi 11,800. Mtoto wa miaka mitano hadi 15 hulipa 2,000, ambayo pamoja na kodi ni 2,360. Aliye chini ya miaka mitano halipi kitu. Mgeni mtu mzima kutoka ng'ambo hulipa dola 60 au zaidi, na kodi juu yake.

Tuchukue basi nyumba ya baba, mama na watoto watatu wenye umri wa miaka 13, tisa na minne. Wazazi wawili ni shilingi 23,600, watoto wawili wakubwa ni 4,720, mdogo anapita bure. Jumla ni shilingi 28,320. Zipo harusi ambazo mchango wa mtu mmoja unazidi hapo. Kwa hiyo anayesema kiingilio ndicho kinachomzuia, na ahesabu upya. Kinachomzuia ni gari, mahali pa kulala na chakula, na hayo matatu yote yana namna ya kupunguzwa kwa mzazi anayepanga mapema.

Kabla hatujafika huko, kuna jambo la msingi zaidi ya shilingi.

Tembo wa usiku na tembo wa mchana

Vijiji vya mkoa wetu vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, kuanzia Busega kwenye Pori la Akiba la Kijereshi hadi Itilima na Meatu upande wa Pori la Akiba la Maswa, vinamjua tembo vizuri kuliko mtalii yeyote. Vinamjua kama kishindo cha saa nane za usiku katikati ya mahindi. Serikali ina utaratibu wa kulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na majina hayo yenyewe yanaeleza kwamba kinacholipwa si thamani ya kilichopotea. Mtoto aliyekulia katika malalamiko hayo hana sababu ya kumpenda tembo, wala hatuwezi kumlaumu.

Lakini Qur'ani, katika Surat Al-An'aam aya ya 38, inatufundisha kwamba kila mnyama atembeaye ardhini na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi. Na katika Surat Al-Ankabut aya ya 20 watu wanaagizwa watembee katika ardhi watazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Mtoto wa Simiyu anayo haki ya kumwona tembo mchana, akiwa kwake, na ndama wake chini ya tumbo, bila debe la kupiga kelele mkononi. Hatasahau mahindi ya babu yake. Ila atakuwa na picha mbili kichwani badala ya moja, na siku moja huenda yeye ndiye atakayekaa mezani kuzungumzia mipaka ya pori na haki za wanakijiji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo pekee inatosha kuwa sababu ya safari.

Ipo pia haki ya nyumba. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), na wapokezi wa hadithi wakalihifadhi jambo hilo hadi likatufikia. Dini yetu haijamkataza mtu kuifurahisha familia yake. Ilichokataza ni ufujaji, na Surat Al-Furqaan aya ya 67 inawasifu wale ambao wanapotumia mali hawavuki mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali wanakaa katikati.

Kwa nini Juni

Simiyu ni mkoa wa pamba. Kwa kawaida msimu wa kununua hufunguliwa mwezi Mei, na Juni fedha inakuwa mikononi mwa watu. Mwezi huohuo shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Mwezi huohuo mvua za masika zimekwisha na ardhi imekauka. Na ni katika majira hayohayo, kati ya Mei na Julai, ambapo nyumbu zaidi ya milioni moja, wakifuatana na pundamilia kwa maelfu, huwa njiani kuelekea kaskazini, na makundi mengi hupita katika ukanda wa magharibi wa hifadhi, upande wetu huu, na kukutana na mamba wa Mto Grumeti. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Japani ili wafike kwa wakati huo. Sisi tunafikiwa mlangoni.

Suala la ardhi kukauka si dogo. Uwanda unaoanzia Ndabaka una udongo mweusi mzito, uleule ambao wakulima wa Usukumani huuita mbuga, na hakuna mkulima wa Bariadi asiyejua udongo huo unavyolikamata gurudumu mvua ikinyesha. Aprili, gari dogo likiingia huko linaweza kulala huko. Juni, barabara huwa ya vumbi na hupitika.

Ila fedha ya pamba ina wenyewe kabla ya safari. Kwanza madeni, ya pembejeo na ya dukani, maana deni ni amana. Pili ada na sare za Julai. Tatu chakula cha nyumba hadi mavuno yajayo. Anayemaliza hayo na kubaki na kitu, ndiye msafiri wetu. Mwaka huu akibaki mikono mitupu, aanze kujiandaa kwa mwaka ujao, na njia iliyo salama ni kibubu. Shilingi 1,000 kwa siku kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Juni ni takriban siku mia mbili, yaani shilingi 200,000. Akina mama wenye biashara ndogo wanaweza kuweka 7,000 kila siku ya gulio, kwa wiki 28, wakapata 196,000. Upatu baina ya majirani unafaa pia, kwa kuwa kila mtu hupokea kile alichotoa bila nyongeza. Kisichofaa ni kukopa kwenye kikundi kinachotoza riba ili watoto wakaone swala. Hilo ni kununua starehe ya siku mbili kwa dhambi, na marejesho yake yatakuwa yakidaiwa hadi Desemba.

Gari, kitanda na chungu

Gari ndilo linalokula fedha nyingi kuliko yote, na dawa yake ni kushirikiana. Tuchukue tarakimu za mfano tu: kosta ikikodiwa kwa shilingi 600,000 kwa safari nzima, familia tatu zitatoa 200,000 kila moja, familia nne 150,000. Madrasa nyingi za mjini Bariadi zina wazazi wanaofahamiana vya kutosha kuandaa jambo hili, na watoto hufurahi zaidi wakiwa na wenzao. Gari lililosajiliwa nchini hulipiwa ada ya hifadhi kwa shilingi, kulingana na uzito wake, kwa hiyo gari kubwa hugharimu zaidi langoni. Ulizeni kabla ya kukubaliana na mwenye gari. Mkubaliane naye kwa maandishi pia ni nani atakayelipia mafuta ya mizunguko ya ndani ya hifadhi, pamoja na posho na chumba cha dereva. Ugomvi mwingi wa safari za pamoja huanzia hapo.

Njia nyingine kwa familia moja ni kupanda basi la kawaida hadi Lamadi, kulala hapo, na kukodi gari la kuingia hifadhini kwa siku moja tu, badala ya kulilipia gari siku tatu wakati siku mbili limeegeshwa. Familia mbili ndogo zinaweza kuchangia gari moja la aina ya Land Cruiser.

Kuhusu malazi, siri yake wanaijua hata wazazi wa Florida tuliowataja mwanzo: lala nje ya lango. Lamadi ni mji wa njia panda, una nyumba za wageni za kila kiwango, na bei zake hazikaribiani hata kidogo na za hoteli za ndani. Lakini kwa kuwa ni mji wa njia panda, nyumba nyingine zina baa chini na muziki usiku kucha. Familia ya Kiislamu isichague chumba kwa simu. Baba au kaka mkubwa atangulie, au aombwe Muislamu mkazi wa hapo akague: je, kuna baa? Je, vyumba viwili vinapakana, ili wasichana wawe upande wa mama yao? Je, maji yanatoka bombani au ni ya ndoo, na choo ni cha ndani? Je, kila kitanda kina chandarua? Ziwa liko karibu, na mbu hawaendi likizo. Bebeni kopo la kutawadhia na mikeka miwili. Kuhusu Kibla, kutoka Simiyu Makka iko kaskazini, ukigeuka kidogo sana upande wa mashariki. Mwenye nyumba akikuonesha mashariki au magharibi, mshukuru, kisha uelekee unakojua.

Wapendao hema wanaweza kulala ndani ya hifadhi, kwani vipo viwanja vya umma vya kupigia kambi, vikiwamo vya Seronera, na raia hulipia kwa shilingi. Kwa safari ya kwanza yenye watoto wadogo hatushauri. Fisi hana adabu ya kubisha hodi, na Seronera iko mbali na Ndabaka, zaidi ya kilomita mia moja ndani.

Kuhusu chakula, Mwenyezi Mungu ameturahisishia: Lamadi iko kando ya Ziwa Viktoria, na samaki hana swali la mchinjaji. Sato wa kukaanga, sangara wa mchuzi, dagaa na ugali vitaitosha familia kwa siku zote tatu bila wasiwasi. Kuku na nyama ndivyo vya kuuliziwa, na vizuri kumuuliza mama lishe asubuhi, kwa upole, kabla hajapika, kuliko kumuuliza mezani sahani zikiwa zimeshajaa. Angalieni pia kikaango. Katika miji yenye watu wa dini mbalimbali kiti moto huweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale.

Kwa siku ya hifadhini chungu kitoke nyumbani. Michembe na matobolwa ni chakula cha safari kilichobuniwa na bibi zetu kabla ya biskuti kuletwa. Haviharibiki, vinashibisha, na ukivichanganya na karanga mtoto hataulizia chipsi hadi jioni. Ongezeni chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na dumu la maji la lita 20. Miaka ambayo Idd el-Adh'ha inaangukia karibu na Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2025, sehemu ya nyama ya udhiya ikikaangwa ikakauka vizuri hufika Grumeti ikiwa salama. Vyote vibebwe kwenye vikapu na vyombo, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini jicho ni kali zaidi.

Mpango wa siku tatu

Msiondoke Ijumaa asubuhi. Katika madhehebu ya Shafii, anayewajibikiwa na Ijumaa haanzi safari baada ya alfajiri ya siku hiyo ila awe na uhakika wa kuipata njiani. Ondokeni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mfike Lamadi mapema, mpeleke watoto ufukweni watazame mitumbwi ikirudi. Watazame tu. Maji ya Ziwa Viktoria yana kichocho, na kando zake zina viboko na mamba, kwa hiyo kuogelea kusiwemo katika mpango huu hata kama watoto wa pale wanaruka majini mbele yenu.

Jumapili ndiyo siku yenyewe. Alfajiri huingia mapema na jua la Juni kwetu huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kwa hiyo upo wasaa wa kuswali Alfajiri kwa jamaa hapo mlipolala, kunywa uji na kufika langoni mapema. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Asubuhi na mapema ndipo wanyama huonekana. Ifikapo saa sita wengi wamelala vivulini.

Ndani ya hifadhi hakuna kushuka kwenye gari ila mahali palipoidhinishwa, na hilo linagusa Swala. Adhuhuri huingia kama saa saba kasorobo na Alasiri kama saa kumi na dakika chache. Pangeni na dereva asubuhi kwamba mchana mtasimama mahali pa mapumziko paliporuhusiwa, ili mswali na kula hapohapo. Msiliache jambo hilo hadi Adhuhuri iingie mkiwa katikati ya uwanda na simba yuko mita hamsini.

Je, mnaruhusiwa kupunguza na kukusanya? Hapa wengi huchanganyikiwa. Kwa hesabu ya wanazuoni wa Kishafii, safari ya kupunguza Swala ni ya marhala mbili, takriban kilomita 80 na ushei kwenda upande mmoja. Aliyetoka Bariadi akikusudia kuishia Lamadi, kilomita 72, hajafikia, ataswali kamili. Lakini aliyekusudia tangu nyumbani kufika ndani kabisa ya hifadhi, huko Kirawira kwenye Mto Grumeti, safari yake imevuka kipimo, na ruhusa yake inaanza akishaziacha nyumba za mji. Huyo ataswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, na anaweza kuzikusanya kwa wakati wa Adhuhuri kwa kufuata masharti yake. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Wapo wanazuoni wengine waliokipima kipimo cha safari kwa ada ya watu badala ya kilomita, kwa hiyo kila familia na iongee na imamu wake kabla ya kuondoka, ili kusiwe na mabishano juu ya mkeka.

Kuna jambo moja ambalo akina mama watalishukuru. Ukanda wa magharibi una mbung'o, na mdudu huyu huvutwa na rangi nyeusi na rangi ya buluu iliyokoza. Baibui jeusi litamwita kutoka mbali, na kuumwa naye kunauma kweli. Stara ibaki palepale, ila kwa siku hiyo baibui liwe la rangi ya udongo, ya kijani kilichofifia au ya maziwa, na vivyo hivyo kwa hijabu za wasichana na kanzu za wavulana.

Mkishapita uwanda wa Ndabaka msikimbilie kutafuta simba. Simba hulala, na mtoto wa miaka minne hatamtofautisha na kichuguu. Nendeni taratibu mtoni, mkae kimya, mtazame viboko na mamba, na muinue macho kwenye miti ya kandokando mtafute mbega, mweusi mwenye shali jeupe, arukaye tawi hadi tawi. Mpeni mtoto mkubwa daftari aandike kila mnyama kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Babu atamsahihisha wakirudi. Nyumbu mkiwakuta, zimeni injini. Sauti ya kundi lile huwezi kuisikia kwenye simu ya mjomba.

Saa tisa na nusu anzeni kurudi langoni. Jumatatu asubuhi, baada ya kifungua kinywa, ni safari ya nyumbani.

Kwa familia ambayo hata hesabu hii imeizidi, ipo Saanane, kisiwa kilichomo ndani ya jiji la Mwanza. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote. Basi kutoka Bariadi, boti ya dakika chache, matembezi kwa miguu, na jioni familia inalala kwa shangazi Mwanza bila kulipa kitanda. Wengi wetu tuna shangazi Mwanza.

Limebaki suala la karatasi, ambalo hupuuzwa na kugharimu. Kiwango cha raia hutolewa kwa aliyethibitisha uraia wake, na langoni hapapokelewi fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa njia ya benki au simu. Wekeni salio la kutosha kwenye simu tangu Bariadi. Wazazi wachukue vitambulisho vyao vya taifa, watoto wachukue vyeti vya kuzaliwa au nakala zake, hasa yule wa miaka minne ambaye umbo lake linaonekana la miaka sita na yule wa miaka 15 aliyekwisha ota ndevu. Vyote viingie katika bahasha moja, na bahasha ikabidhiwe mama.